Dizaina asiyejua kodi, atakodi mpaka lini?

Najua nimepotea. Testi zimefuatana, bumu limechelewa, na bando ndio hivyo tena... Lakini leo sikuja kulia njaa. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na nyinyi rafiki zangu wa kikundi chetu cha kutengeneza tovuti, mliopendekeza kwamba muhula ujao tufute somo la kodi kwenye mafunzo yetu. Kura ni Jumamosi hii. Nimeona niseme yangu mapema na kwa maandishi, maana kule kwenye vimbweta anashinda mwenye sauti kubwa, na mimi sauti sina.

Kwa msiokuwemo kwenye kikundi: kodi ninayoisema hapa si ile ya TRA wala ya mwenye nyumba wa Sinza. Ni yale maandishi yanayoiambia kompyuta ukurasa ukaeje. Kichwa cha habari kiwe wapi, picha iwe na upana gani, mtu akigusa hapa aende wapi. Wataalamu wa lugha wanaita msimbo. Sisi huku tumeshazoea kodi, basi na iwe kodi.

Hoja yenu nimeisikia vizuri na sitaki kuwasingizia. Mnasema dizaina kazi yake ni macho. Ajue rangi, ajue fonti, ajue kupanga vitu mtu avione bila kuhangaika. Achore ukurasa kwenye Figma au Canva, amwonyeshe mteja, mteja akikubali tunamkodi kijana wa kompyuta kule Kijitonyama aandike kodi. Kila mtu na fani yake. Tena mmoja wenu akaongeza kwamba sisi tuliosoma HGL kodi haituhusu, hayo ni mambo ya watu wa hesabu.

Mimi nasema hapana. Dizaina wa tovuti lazima ajue kodi. Sisemi kodi zote za dunia hii. Nasema HTML na CSS, azijue kwa mkono wake mwenyewe, aweze kuzisoma, kuzirekebisha na kuandika ukurasa mzima bila kumpigia mtu simu. Asipozijua anaweza kuwa mchoraji mzuri sana wa picha za tovuti, na hiyo ni kazi halali, lakini ni kazi nyingine. Asimchukulie mtu hela kwa jina la dizaina wa tovuti.

Kabla hatujafika mbali, tukumbushane tunamtengenezea nani. Likizo ndefu ikifika tunapanda gari Makumbusho, Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, hao Bagamoyo. Mimi narudi nyumbani, nyinyi mnakuja kutafuta kazi. Na kazi zenyewe tunazijua. Kuna vikundi vya ngoma vya vijana waliopita TaSUBa. Kuna wachongaji na wachoraji. Kuna wenye nyumba ndogo za wageni Mji Mkongwe. Kuna vijana wanaotembeza watalii kwenye magofu ya Kaole. Kuna kina mama wa Mlingotini wanaolima mwani. Hawa si watu wa kukaa ofisini na laptopu. Mteja anawatafuta kwa simu, wao wanajibu kwa simu, na tovuti yao wenyewe wataiona kwa simu, tena simu yenye kioo kilichopasuka na bando la siku moja. Halafu nyinyi mnataka kuwachorea kwenye kioo cha inchi 15, mkiwa mmekaa maktaba mpya mnakula waifai ya chuo!

Ngoja niwape mfano ninaoujua kwa karibu. Jirani yetu mmoja pale Dunda, mama mtu mzima, ana vyumba sita vya wageni. Alimlipa dizaina mmoja kutoka mjini, jina tuliache, akatengenezewa ukurasa mzuri kwelikweli. Bahari, jahazi, mlango wa nakshi, na chini jina la nyumba na namba ya simu kwa maandishi ya kupendeza. Baadaye ile laini, ambayo ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mwanawe, ikaondoka na huyo mwanawe kwenda Mwanza. Mama akanunua laini yake, akaomba namba ibadilishwe kwenye tovuti. Jibu likaja kwamba namba peke yake haibadilishiki, kwa sababu ukurasa wote ni picha moja. Jina, bei za vyumba, namba, vyote vimegandishwa ndani ya picha. Faili la awali lilikuwa kwenye kompyuta iliyokufa. Kijana aliyekodiwa kuipandisha hewani alishahama. Kwa hiyo alipe laki mbili ichorwe upya.

Yule mama akaniuliza, "Mwanangu, namba kumi tu ndio laki mbili?"

Namba kumi, jamani. Zingekuwa maandishi ya kawaida ndani ya HTML, kuzibadilisha ni kazi ya dakika moja. Tena HTML ina kiungo maalum cha simu: mgeni akiigusa namba, simu yake inaifungua tayari kwa kupiga. Kwenye picha anatakiwa aikariri au atafute kalamu. Na kila mgeni aliyepiga namba ya zamani akampata kijana aliyeko Mwanza, ambaye hata bei ya chumba haijui.

Msiniambie dizaina yule alikuwa mvivu. Kwa picha alikuwa fundi, na nawaambia kabisa kwamba nyie wengi wenu hamfikii. Alichokosa ni kujua kitu anachokitengeneza kimetengenezwa na nini. Aliichukulia tovuti kama bango la barabarani. Bango likishabandikwa limebandikwa. Tovuti inabadilika kila siku, na inabadilika kulingana na anayeitazama. Hilo hulioni ndani ya Figma. Unaliona siku umekaa na HTML yako, ukavuta dirisha la kivinjari likawa jembamba, na mambo yote yakavurugika mbele ya macho yako.

Tuje kwenye uzito. Hapa ndipo dizaina asiyejua kodi anapomuibia mteja hela bila kujua. Chukua picha iliyopigwa kwa simu ya siku hizi, ina MB 4. Ndani ya Figma unaibana inakuwa ndogo kama kadi ya karata, inapendeza. Ikifika kwenye kodi, ukiiambia CSS iioneshe picha hiyo kwa upana mdogo, itaonekana ndogo, lakini inayosafiri mpaka kwenye simu ya mtu ni ile ile ya MB 4. Weka picha kama hizo 12 kwenye ukurasa wa kikundi cha ngoma, tayari MB 48. Mteja mwenye bando la MB 100 akifungua kurasa mbili za namna hiyo amebakiwa na MB 4. Picha hizo hizo zikipunguzwa vizuri, kila moja ikawa na KB 150, zote 12 ni MB 1.8. Kwa macho, kwenye simu, tofauti hutaiona. Kwenye bando utaiona.

Najua kuna atakayesema mkongo wa SEACOM ulishafika Dar tangu mwaka 2009, habari za uzito zimepitwa na wakati. Mkongo umefika, ndiyo, na zile enzi za kusubiri setilaiti tumezisahau. Lakini mkongo haujamfutia mtu bei ya bando. Mtu wa Mlingotini bado ananunua MB, na ukurasa mzito ni wewe unayezitumia kwa niaba yake. Sasa nani wa kuamua picha ziwe ngapi na ziwe na uzito gani? Kijana wa kukodi? Yeye ameletewa mchoro uliokwisha kupitishwa na mteja, wenye picha 12, na kalipwa aujenge kama ulivyo. Uamuzi ulishafanywa na dizaina, na ulifanywa gizani.

Halafu kuna suala la lugha, ambalo kwangu mimi lina uchungu zaidi. Kila ukurasa wa HTML una mahali pa kutaja lugha ya ukurasa. Ni herufi mbili tu. Kiingereza ni en, Kiswahili ni sw. Chungulieni kodi za tovuti za Kiswahili mnazozipenda, mtakutana na en nyingi tu, kwa sababu mtu alichukua kiolezo cha Kiingereza, akabandika maneno yake juu, basi. Mtasema herufi mbili zina nini. Wenzetu wasioona tunaosoma nao hapa wanatumia programu zinazousoma ukurasa kwa sauti. Programu hiyo inaangalia zile herufi mbili ili ijue itumie matamshi gani. Ikikuta en, inakisoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza. Hebu mwombe rafiki yako aliyeko chuo cha Uingereza, asiyejua Kiswahili, akusomee tangazo la kazi kwa sauti, uone kama utaambulia kitu. Herufi hizo hazipo kwenye mchoro wa Figma. Zipo kwenye kodi, na asiyeifungua kodi hatajua kwamba amemfungia mtu mlango.

Na maneno yetu ni marefu. Kitufe kilichochorwa kwa ajili ya neno "Home" hakitoshi "Ukurasa wa mwanzo". Neno "tutakapowasiliana" lina herufi 17 na halina pa kupumzikia. Liandike kwa fonti kubwa kwenye simu nyembamba, litatoka nje ya kioo kama mguu kwenye shuka fupi. CSS ina njia ya kulikata neno lishuke mstari wa chini, na ina njia ya kukifanya kitufe kitanuke kufuata maneno. Ukizijua, unachora ukiwa na akili hiyo tangu mwanzo. Usipozijua, unachora kwa maneno ya Kilatini ya kujazia nafasi, yanapendeza, mteja anapiga makofi, halafu siku ya kuweka Kiswahili kila kitu kinapasuka na lawama anapewa aliyejenga.

Kwa wanaodhani haya ni mambo ya Wazungu, niwakumbushe kitu kilichofanyika hapa hapa Mlimani. Mwaka 2004 idara ya kompyuta ya chuo chetu, ikishirikiana na watu wa Sweden katika mradi ulioitwa Kilinux, ilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini yenye menyu za Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu OpenOffice kodi yake ilikuwa wazi, yeyote aliweza kuifungua, akaona Kiingereza kimekaa wapi, akaweka Kiswahili. Watu wa lugha na watu wa kompyuta walikaa meza moja. Ile ni programu kubwa, na ukurasa wa kikundi cha ngoma ni mdogo mno ukilinganisha, lakini somo ni lile lile. Kiswahili kinaingia kwenye kompyuta pale ambapo mtu wetu ameweza kufungua na kuona ndani.

Haya, sasa tuzijibu hoja zenu moja moja, msije mkasema nimezikimbia.

Ya kwanza ni ya mchora ramani za nyumba. Mnasema mchora ramani habebi zege, mbona nyumba zinasimama. Kweli habebi. Lakini nendeni kwa jirani zetu wa Ardhi mkawaulize wanaosoma usanifu majengo kama hawafundishwi vifaa vya ujenzi na uimara wa jengo. Wanafundishwa, tena wanasapua humo humo. Mchora ramani asiyejua nguzo inabeba nini atawachorea ukumbi usio na nguzo, mzuri sana, na siku moja utawaangukia. Anajua zege bila kulibeba. Mimi ndicho ninachokidai, dizaina ajue HTML na CSS hata kama siku nyingine atamwachia mwingine aandike. Tofauti ni kwamba zege ni zito na hela ya saruji hatuna, wakati HTML unaiandika kwa programu yoyote ya maandishi iliyomo kwenye kompyuta, bure, ukiwa umelala kitandani Hosteli za Magufuli. Kisingizio cha zege hapa hakipo.

Ya pili ni ya waliofanikiwa bila kodi. Mmemtaja Issa Michuzi, mpiga picha, aliyeanza blogu mwaka 2005 akiwa kwenye Blogspot na akasomwa na Watanzania dunia nzima. Mmemtaja Ory Okolloh wa Kenya, mwanasheria, ambaye Januari 2008, Kenya ikiwaka moto baada ya uchaguzi, alitoa wazo la ramani ya kuripoti vurugu, na ndani ya siku chache Ushahidi ikawa hewani. Mifano mizuri, naiheshimu. Lakini iangalieni vizuri. Michuzi hakuuza tovuti, aliweka picha na habari zake kwenye kiolezo cha bure. Okolloh alikuwa mwenye wazo na mwenye kilio, na kazi ya kuijenga ikafanywa na waliojua kodi, akiwemo David Kobia. Mwenye habari na mwenye wazo hawadaiwi kodi. Yule mama wa Dunda naye hadaiwi kodi. Anayedaiwa ni anayesimama katikati, anayepokea hela na kusema "niachie mimi". Nyinyi na mimi hatusimami upande wa Okolloh. Tunasimama upande wa Kobia.

Ya tatu ni ya mashine za kuburuta na kudondosha. Wix, violezo vya WordPress, na ndugu zao wote. Mnasema zinaandika kodi zenyewe. Zinaandika, sikatai, na mimi mwenyewe WordPress naitumia. Ila kila kizazi kina mashine yake ya kuandika kodi, na kila mashine ina siku yake ya kufa. FrontPage ya Microsoft, ambayo zamani kila mafunzo ya kompyuta yaliifundisha, iko wapi leo? Flash je? Watu walijenga tovuti nzima kwa Flash, zikicheza na kuruka, na wakaitwa madizaina wakubwa. Tarehe 31 Desemba 2020 Adobe waliacha kuihudumia, na Januari iliyofuata ikazuiwa isifanye kazi kabisa. Waliojua Flash tu walibaki na vyeti. Sasa chukua ukurasa wa kwanza kabisa wa wavuti, aliouandika Tim Berners-Lee kule CERN. Ulitangazwa kwa umma mwaka 1991, CERN wakaurudisha hewani mwaka 2013 kwenye anuani yake ya zamani. Ufungue leo kwenye simu yako, unafunguka, kwa sababu ni HTML tupu. Mimi muda wangu mchache baada ya kupiga msuli nauweka kwenye kitu kilichoishi zaidi ya miaka 30, siuweki kwenye kitufe ambacho kampuni itakihamisha mwezi ujao.

Ya nne ndiyo yenu kubwa, maana mliisema mkicheka. Kwamba tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022, kodi zinaandikwa na mashine, mwanadamu ajifunze za nini. Nakubali inaandika, na inaandika haraka kuliko mtu yeyote hapa Mlimani. Basi nawauliza, ikikuandikia ukurasa ukaacha lugha ikiwa en, utajua? Ikiweka picha ya MB 4 utajua? Ikiweka kitufe kisichofanya kazi kwenye simu ya zamani utajua, au utamkodi mtu akuangalizie? Anayepewa maandishi asiyoweza kuyasoma akaambiwa aweke sahihi, pwani yetu imewahi kumuona. Mwaka 1884 Carl Peters alipita bara na karatasi zake akiwawekesha machifu alama kwenye mikataba ya lugha wasiyoisoma, na Wajerumani wakaja kuikalia nchi, makao yao ya mwanzo yakiwa hapa hapa Bagamoyo. Sisemi ChatGPT ni Carl Peters, msinikuze. Nasema karatasi zikizidi kuwa nyingi, anayejua kusoma ndiye anayezidi kuhitajika.

Na hilo la HGL, eti kodi ni hesabu. HTML haina hesabu. Ni kupanga maandishi: hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hii ni orodha, hiki ni kiungo. Aliyeandika insha kidato cha nne akajua utangulizi ukae wapi na aya ianzie wapi, HTML anaiweza. CSS ina vihesabu vidogo vya upana na nafasi, havimshindi mtu anayegawa bumu la miezi miwili na mbebwa wake ndani. Mimi ni HGL, nasoma Jiografia, na nazijua zote mbili.

Tena hawa waliokuja na mawazo makubwa ya ubunifu kwenye wavuti, waangalieni ni watu gani. Kule kukaa kwa ukurasa vizuri kwenye simu na kwenye kompyuta bila kuutengeneza mara mbili, jambo ambalo leo tunaliona la kawaida, alilipa jina Ethan Marcotte mwaka 2010. Ni dizaina. Alichofanya ni kuunganisha vitu vitatu: mpangilio unaopimwa kwa asilimia, picha zinazonyumbuka, na amri ya CSS inayouliza kioo kina upana gani. Vyote vitatu vimo ndani ya CSS. Dizaina anayechora picha tu asingeliona hilo hata angechora miaka kumi, kwa sababu picha hainyumbuki.

Lakini kwa nini tuende Marekani? Bagamoyo pale tulikuwa na Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003. Mgogo wa Dodoma, akaishi na kufanya kazi Bagamoyo, dunia ikamjua mpaka akarekodi kwa Real World ya Peter Gabriel. Alipiga ilimba na zeze, na alizitengeneza kwa mikono yake. Alijua kipande kipi cha chuma kinatoa sauti gani na kwa nini. Akitaka sauti ambayo ala haina, aliweza kuigeuza ala yenyewe. Mpigaji asiyejua kutengeneza ala anaweza kupiga vizuri pia, sibishi. Ila siku inapoharibika katikati ya onyesho anashuka jukwaani kutafuta fundi. Na TaSUBa wenyewe, tangu wakiitwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981, mwanafunzi anapitia ngoma, muziki, maigizo na ufundi wa jukwaa, hata kama mwishoni atakuwa mcheza ngoma tu. Hawamfundishi taa za jukwaani ili awe fundi umeme. Wanamfundisha ili ajue akisimama pale ataonekana au hataonekana.

Mnaona sasa ninavyogombana na pendekezo lenu? Mnataka kufuta somo linalotufundisha tukisimama wapi tutaonekana.

Na tusisahau mfuko. Mteja wa Bagamoyo akilipa laki tano, kwa mpango wenu laki tatu inakwenda kwa kijana wa kukodi, mbili tunagawana watu wanne. Akitaka kubadilisha bei ya tiketi kabla ya tamasha, tunakodi tena. Akitaka kuongeza picha, tunakodi tena. Tutakodi mpaka lini? Na kijana akipata ajira Dodoma akazima simu, mteja anatupigia sisi, maana sura anayoijua ni yetu.

Mnajua siwezi kupinga bila kuleta langu. Napendekeza hivi. Jumamosi sita, saa mbili kila moja, jumla saa 12. Ya kwanza, HTML kwa mkono: vichwa, aya, orodha, viungo, na kiungo cha simu. Ya pili, picha: kupunguza uzito, na kuandika maelezo yake kwa asiyeona. Ya tatu na ya nne, CSS: rangi, fonti, nafasi, na ukurasa kunyumbuka kufuata kioo. Ya tano, Kiswahili: zile herufi mbili, maneno marefu, na vitufe. Ya sita, kila mtu anapandisha ukurasa wake hewani mwenyewe, kisha tunaufungua kwenye simu ya bei ndogo kuliko zote zilizopo chumbani, kwa bando na si kwa waifai ya chuo. Usipofunguka unarudi nyumbani kuutengeneza. JavaScript, PHP na hifadhidata hazimo. Hizo tutawakodi wenyewe kwa moyo mweupe, na tutajua tunawaagiza nini.

Baada ya hapo Figma na Canva kama kawaida. Sichukii rangi mimi. Mikono yenu naijua, kuna watu humu wanachora mpaka natamani kuwaibia. Ndiyo maana inaniuma kuona kazi nzuri hivyo inaishia kuwa picha iliyogandishwa namba ya simu ndani yake.

Mwenye hoja nyingine ailete kabla ya Jumamosi, nitaisoma na nitaijibu. Asiye na hoja apige kura somo libaki. Tena atakayepiga kura lifutwe aje yeye likizo hii, nimpeleke Dunda kwa yule mama, amwamkie shikamoo, halafu amweleze kwa nini namba kumi ni laki mbili.

Alamsiki.